Muli na Maji ya Figo

Jumatatu, 3 Februari 2025

Joto la Voi leo limekosa adabu. Kuku wa jirani wamelala chini ya mkokoteni wangu, midomo wazi. Mifereji ya mtaa wetu wa Sofia mikavu. Siku nzuri kabisa kwa muuza maji! Nikajaza mitungi, nikatoka, nikapiga kelele mtaa mzima. Hakuna aliyefungua mlango.

Nikafuata watu wanakoelekea. Lo! Abdulghani, yule aliyekuwa akiuza ndara, amefungua duka la maji. Kuta za vigae vyeupe. Mtambo wa kuchuja unaonguruma polepole kama paka aliyeshiba. Foleni hadi barabarani, na katikati ya foleni wateja wangu mimi, wakijifanya wanaangalia mawingu. Mawingu gani Februari hii?

Mama mmoja nikamuuliza nimemkosea nini. Akasema maji yangu ya kisima yana chumvi mno, akiyapikia chai anaweza kuilia ugali.

Nimekaa mlangoni nikiwaza. Abdulghani anauza usafi. Mimi lazima niuze kitu kikubwa kuliko usafi. Na asubuhi redio ilikuwa ikisema watu wengi siku hizi wana shida ya figo. Nimepata! Maji ya Figo! Kisima kilekile, ndimu za kutosha kuificha chumvi, na majani ya mnanaa juu kwa heshima.

Jumanne, 4 Februari

Fundi wa rangi ameniua! Nilimwambia aandike MAJI YA FIGO ubavuni mwa mkokoteni. Ameandika MAJI YA FIGA. Herufi nyekundu, kubwa, za kuonekana kutoka mtaa wa Mwakingali! Nilishazunguka nusu ya mtaa ndipo mtu akaniuliza mafiga mengine mawili nimeyaacha wapi. Nimeigeuza hiyo A kuwa O kwa masizi ya sufuria.

Lakini yananunuliwa! Nawaambia yanaosha figo kama sabuni inavyoosha kola ya shati. Kadiri unavyokunywa ndivyo zinavyong'aa. Sikujua nina kipaji hiki. Mke wangu Kavinya aliuliza nani kaniambia hayo. Nikasema akili. Akauliza ya nani. Wivu tu.

Jumatano, 5 Februari

Nimepata mteja wa ndoto. Mzee Ayub wa nyumba ya pembeni, mstaafu wa reli. Huyu figo zake zimegoma kabisa, kila wiki huenda hospitali kuunganishwa na mashine ya kusafisha damu. Nani anahitaji Maji ya Figo kuliko yeye?

Akaniambia hospitali wamempimia maji ya kunywa, vikombe vichache tu kwa siku, na mwanawe Firdaus anayalinda kama polisi kila akiwepo. Nilishtuka! Mgonjwa wa figo kunyimwa maji, na jua hili! Nikamwambia hiyo ni kama kulinyima gari oili ndipo likimbie. Nikamwambia anywe mpaka kiu ikimbie yenyewe.

Machozi yakamlengalenga. Akauliza, kwa sauti ya mtoto anayeomba sukari, kama nina hakika. Nikasema hakika kabisa. Firdaus anafundisha shule huko Bura, hurudi mwisho wa wiki tu. Hakuna wa kutuingilia. Nilimwacha kibarazani na mtungi mzima, akinywa huku amefumba macho.

Nilijiona mtu mwema sana.

Alhamisi, 6 Februari

Mshtuko mkubwa! Nimemkamata Kavinya akitoka dukani kwa Abdulghani. Na mtungi kichwani! Mke wangu mwenyewe! Nikamuuliza kwa nini anaiaibisha nyumba. Akasema watoto wana meno ya kulinda, maji ya kisima huyatia madoa. Halafu akaongeza kwamba hata mimi hajawahi kuniona nikinywa maji ninayouza.

Ni kweli, siyanywi. Mwenye bucha hali nyama yote. Mimi nashinda na soda, na chai ya rangi jioni, yatosha. Tena mtu akinywa maji huku anasukuma mkokoteni atakuwa akisimama kila kichaka. Biashara itakwenda saa ngapi?

Mgongo unauma, upande wa kulia, chini ya mbavu. Ni mkokoteni huu. Gurudumu moja lina kichaa.

Ijumaa, 7 Februari

Baada ya sala ya Ijumaa Abdulghani alinijia, kanzu nyeupe, tabasamu la kinafiki. Akauliza, "Jirani, haya maji umeyapima?"

Nikamwambia nimeyapima sana. Lita ishirini kila mtungi, hakuna mteja niliyempunja.

Akainamisha kichwa. Akatoa mfukoni kijiti chenye kioo cha namba, akakitumbukiza mtungini mwangu mbele ya watu. Namba zikapanda! Zikapanda tena! Zilipanda kama mbuzi wa milima ya Mwanda! Akasema ni chumvi na madini, na kwamba ndimu huficha ladha tu, chumvi inabaki palepale. Akasema, kwa upole wa kuudhi, nisiwauzie watu maji haya kama dawa, hasa wagonjwa.

Nikawaambia watu hizo namba ni nguvu. Nguvu za figo! Wawili waliondoka. Mmoja akanunua.

Mgongo mbaya. Leo nimekojoa mara moja tu, rangi ya chai ya mkandaa, nyeusi iliyokolea. Pengine ni zile soda nyeusi.

Jumamosi, 8 Februari

Asubuhi nilisikia Firdaus akipiga mayowe. Nikakimbia. Mzee Ayub alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, hawezi kulala, hawezi kuongea. Miguu imevimba mpaka ngozi inameta. Uso umejaa. Anahema kama mtu aliyepanda mlima wa Wundanyi kwa miguu na gunia begani. Mtungi wangu pembeni, mtupu.

Firdaus akauliza nani kamletea babake haya maji. Mkokoteni wangu ulikuwa mlangoni, maandishi mekundu yakimtazama.

Abdulghani ndiye aliyeleta pikapu. Tukambeba mzee, mimi miguu, yeye mabega. Zile nyayo! Kidole changu kilibonyea ndani, kikaacha shimo, na shimo halikurudi.

Hospitali walimkimbiza ndani. Muuguzi Wakio akatugeukia, akauliza amekunywa maji kiasi gani. Nikasema kidogo tu. Kidogo kiasi gani? Nikasema mtungi. Akanitaka nirudie.

"Wewe baba," akasema, "figo zake hazitoi maji. Ukiyaingiza hayana pa kutokea. Yanakwenda miguuni, yanakwenda mapafuni. Mzee anazama."

Anazama! Nchi kavu! Voi, Februari, hakuna hata dimbwi! Nilihisi ukuta unanikimbia. Siku zote nilijua maji yakikosekana mtu hufa. Hakuna aliyeniambia yanaweza kumwua kitandani kwake, yakiwa na mnanaa juu.

Nikataka kumwomba Firdaus msamaha. Nikafungua mdomo, na badala ya maneno likatoka yowe, maana kisu kilinichoma mgongoni kikashuka hadi kinenani. Nikaanguka sakafuni palepale. Firdaus alidhani naigiza.

Wamenilaza, wakanipiga picha ya tumbo. Jiwe! Jiwe ndani ya figo yangu! Wakio akauliza kwa siku nakunywa maji kiasi gani. Nikamjibu mimi ni muuzaji.

Jumapili, 9 Februari

Mzee yu hai! Mashine imemtoa maji usiku kucha na leo ameweza kulala chali. Kavinya alinipeleka kwake, mimi nimejikunja kama ndoana. Firdaus alinitazama kwa macho ambayo siku zote nitayakumbuka. Akasema, "Kaka Muli, mimi nikimnyima babangu kikombe cha maji nalia chooni ili asinione. Unadhani napenda?"

Nikamwomba msamaha. Kwa mara ya kwanza, naapa.

Mzee akanishika mkono. Akasema, pole pole, kwamba hanilaumu. Alijua. Alijua tangu kikombe cha kwanza, ila alikuwa na kiu ya mwaka mzima na mimi ndiye mtu wa kwanza aliyemwambia anywe. Akasema, "Usimpe mwingine, mwanangu."

Nililia mbele ya wodi nzima. Nikaahidi, Kavinya shahidi, kwamba sitauza tena tone la maji maishani mwangu.

Jumanne, 11 Februari

Jiwe limetoka. Dogo kama punje ya mtama! Sikuamini kitu kidogo vile kinaweza kumfanya mwanamume amwite mamake. Wakio amesema ninywe maji safi mara kwa mara mpaka mkojo uwe mweupe. Akasisitiza kwamba hayo ni yangu mimi, ya Mzee Ayub ni mengine, na kila mgonjwa amsikilize daktari wake, si muuza mkokoteni.

Nimeelewa vizuri kabisa. Nimebadilika. Mkokoteni nimeufuta rangi mwenyewe. Kavinya alinipikia kuku.

Lakini kabla ya hayo, asubuhi wakati wa kuaga wodini, nimesikia kitu! Wakio alikuwa akimweleza Firdaus kwamba kiu ikimzidi mzee, ampe kipande kimoja kidogo cha barafu amumunye, akihesabu ndani ya kipimo chake. Nilisimama mlangoni nimeduwaa. Barafu! Wagonjwa wote wale kwenye mabenchi, midomo imekauka, na hakuna anayewauzia barafu!

Ahadi yangu iko palepale. Niliapa maji, sikuapa barafu. Jioni hii nimekwenda kwa muuza samaki kuishika kwa mkono wangu, nihakikishe. Hili neno la kipande kimoja nadhani Wakio alisema kwa ajili ya meno. Mimi nitawauzia bakuli zima, wamumunye mpaka waridhike. Barafu ni kavu, ni ngumu, ukiigonga inalia ko-ko-ko. Haina hata tone la maji!