Kuhusu Pigo la Mume Wangu Lililochelewa, Ambalo Mnaliuza Dunia Nzima

Bi Odessa Pettiford,
Ghorofa ya tatu, juu ya duka la dawa,
Bronx, New York.

Kwa Mkurugenzi,
Kampuni ya Kapu la Midundo.

Ndugu Mkurugenzi,

YAH: OMBI LA KUNYOOSHA PIGO MOJA LA NGOMA

Natumaini barua hii inakukuta salama, umeshiba, na uko tayari kuona aibu.

Mimi ni mke halali wa Lucius Pettiford, mpiga dramu mstaafu. Kampuni yako inauza kifurushi kiitwacho Ngoma za Vumbi. Ndani yake mna vipande vya sauti vilivyokatwa kwenye santuri za zamani, ili mtu asiye na ngoma wala jirani wa kugombana naye avivute kwenye kompyuta, avirudierudie, aite wimbo. Kipande cha kumi na moja ni mume wangu. Binti yetu Renita, anayetengeneza muziki wa kanisani kwa kompyuta, alikifungua hapa sebuleni bila kujua, nami nikaitambua mikono ya baba yake kabla sijavaa miwani.

Sidai hata senti. Jambo langu ni zito zaidi. Jumamosi ijayo mimi na Bwana Pettiford tunarudia viapo vya ndoa, baada ya miaka hamsini. Siku ya harusi yenyewe alichelewa, mpiga kinanda akarudia wimbo mmoja hadi wageni wakaukariri. Nimemwambia safari hii simsubiri. Asipokuwepo kanisani saa nne kamili, navua glavu, narudi nyumbani kula keki peke yangu. Nilikuwa nimeanza kumweka sawa, Ndugu Mkurugenzi, ndipo ninyi mkaja kuniharibia. Malalamiko yangu ni haya:

1. Mmeandika "mpigaji asiyejulikana". Asiyejulikana na nani? Muuza nyama anamjua. Daktari wa meno anamjua, na bado anamsubiri. Jina lilikopotelea mimi ninakujua. Wimbo mlikokata kipande hicho, uliorekodiwa mwaka 1972 na bendi ya Bwana Tolliver alimopiga mume wangu, haukupendwa na mtu, hata mama yake Tolliver. Lakini katikati waimbaji wananyamaza, ngoma zinabaki peke yake, na ma-DJ wetu wa hapa Bronx wakaona utamu wote uko hapo. Wakawa wanaweka santuri mbili zinazofanana, ngoma zikiisha kwenye hii wanazianzisha kwenye ile, na vijana wanacheza bustanini mpaka viatu vinatoka soli. Sasa, kila DJ alihofia mwenzake asichungulie santuri yake na kuijua. Basi walizitia kwenye beseni la kuogea, wakaziloweka hadi karatasi ya jina ibanduke. Mmoja wao aliishi juu yetu, na beseni lake lilivuja. Jina la bendi ya mume wangu lilidondoka kupitia dari yangu likaingia kwenye sufuria yangu ya maharage, nasi tukayala.

2. Pigo lenyewe limechelewa. Sikilizeni mwishoni, ngoma ndogo inapotakiwa kulia. Hailii. Inakuja baadaye, kama mtu aliyefika kwenye ngazi akakumbuka ameacha jiko linawaka. Mimi sikusimuliwa, nilikuwepo. Tulikuwa bado wachumba, na nilimpelekea samaki wa kukaanga studio. Taa nyekundu ya mlangoni, ya kuonya kwamba wanarekodi, ilikuwa inawaka, lakini samaki wa moto hawasubiri taa, nikafungua. Ile naingia tu, nikamsikia kwa masikio yangu akichelewa. Tolliver alitaka warudie, ila muda wa studio ulikuwa umekwisha.

3. Mmelipamba kosa. Baada ya ma-DJ zikaja mashine za kunasa sauti, kila kijana akaweza kumfungia Pettiford kwenye kisanduku na kumpigisha usiku kucha bila hata maji ya kunywa. Kisha wakaja mawakili kuwashtaki waliokata vipande bila ruhusa, watu wakaziogopa santuri, ndipo mkatokea ninyi na vifurushi vyenu "visivyo na kesi". Muda wote huo hakutokea hata mmoja wa kusema, jamani, huyu bwana kachelewa. Ninyi mmeandika "uvivu mtamu". Huo uvivu nimeolewa nao mimi. Utamu sijauonja.

4. Nyumbani hakukaliki. Juzi nilimtuma maziwa, akarudi chai imeshapoa.

"Pettiford, ulikwenda kumkamua ng'ombe mwenyewe?"

"Bi mkubwa, mimi sichelewi. Nakaa nyuma kidogo ya mdundo."

Renita, badala ya kunitetea, akacheka. "Mama, huko vyuoni kuna watu wanasomea kuchelewa kama Baba."

"Na wanahitimu lini?" nikauliza.

5. Ugonjwa umesambaa. Duka la dawa hapo chini linapiga wimbo wenye kipande kile tangu asubuhi, na tangu hapo vidonge vyangu vya presha nimevimeza nje ya saa yake. Mchungaji wetu ana mwanawe anayeusikiliza garini. Sasa mahubiri yanaanza watu tukiwa na njaa. Treni ya hapa kwetu siisemi, maana dereva wake simjui, lakini nimemwona akitikisa kichwa.

Kwa hiyo naomba mrudishe vifurushi vyote, mlinyooshe pigo lile likae mahali pake, kisha mnyooshe na nyimbo zote zilizolitumia, dunia nzima, tangu enzi za bustanini hadi leo. Pia naomba cheti chenye mhuri kinachosema kwamba Lucius Pettiford alichelewa na mkewe ana haki. Nitakitundika jikoni, juu ya jiko, pale dari ilipovuja. Kikifika kabla ya Jumamosi nitashukuru sana.

Wasalimie wafanyakazi wote, mlinzi wa getini, na wanaofagia. Aliyeandika "uvivu mtamu" naye msalimie, ila kidogo.

Ni mimi, mwenye kusubiri kwa mazoea,
Odessa Pettiford (Bi)

N.B. Kabla sijaifunga bahasha nilimwomba Renita alinyooshe pigo kwenye kompyuta, nipate kuwaonyesha mfano. Akalinyoosha. Tukawa tunalisikiliza jikoni. Lilikuwa sawasawa kabisa, na sikulipenda. Pettiford akaingia, supu imepoa, akasimama mlangoni.

"Nani huyo anapiga?"

"Ni wewe, Baba," Renita akasema.

"Mimi? Acha utani. Huyo hajamwona mtu yeyote mlangoni."

Nikamwambia aeleze vizuri. Akavuta kiti.

"Siku ile ulisema unakuja saa sita, Dessa. Saa sita ikapita. Saa saba hiyo. Nikajua umeghairi, samaki na mimi pia. Tolliver akasema tuanze, mimi macho mlangoni. Mara wewe huyo, na kofia yako ya manjano. Mkono ukasahau kushuka."

"Miaka yote hii kwa nini hukusema?"

"Ulikuwa unanigombeza. Sikutaka kukukatiza."

Ndugu Mkurugenzi, tafadhali msiliguse pigo hilo. Asiguse mtu. Cheti nacho acheni. Mkiandika jina, na mliandike, wekeni Lucius Pettiford, na chini yake kwa herufi ndogo, Odessa, mlangoni. Renita ameahidi kumfikisha baba yake kanisani mapema Jumamosi, hata kwa kumbeba. Mimi nitachelewa kidogo. Nataka nimwone akitazama mlango.