Ombi la Kuandikwa Katika Orodha ya Tembo

Bwera,
9 Agosti 1967

Kwa Mheshimiwa Bwana Mkuu wa Wanyama Wakubwa,

Pokea salamu zangu, na pole kwa kazi. Mimi ni Jean-Bosco, mkimbizi kutoka Butembo, mchuuzi wa chumvi. Naichukua Kabatoro, penye ziwa la chumvi, kwa baiskeli na kuiuza hapa sokoni Bwera. Nakuandikia kwa heshima zote nikiwa nimekaa katika nyumba yenye kuta tatu. Ukuta wa nne umeliwa na tembo wako.

Niruhusu nieleze kwa utaratibu.

1. Kosa la kwanza ni langu, nakiri. Kwa miaka mitatu nimeegemeza magunia ya chumvi kwenye ukuta huo wa udongo, nao ukainywa chumvi mpaka ukakolea kuliko mchuzi wa harusi. Jumanne asubuhi tembo alipita, akaulamba, akaupenda, akaula mpaka dirishani. Mke wangu Emérance alikuwa ndani anachambua maharage. Alipoona mkonga umeingia bila hodi, aliuchapa mwiko.

2. Askari wako wa wanyama, Bwana Eridadi, alifika mbio. Nilidhani amekuja kutupa pole. Kumbe alikwenda kwanza kumtazama tembo kama ameumia, ndipo akamgeukia mke wangu: "Mama, usipige huyu. Huyu iko ya serikali." Emérance akamuuliza, "Na miye niko ya nani?" Bwana Eridadi alilitafuta jibu katika daftari lake, ukurasa kwa ukurasa, hakulipata. Mimi niliona uchungu, maana swali hilo ninalo tangu tulipokimbia vita.

3. Tembo huyo ni Mkongomani kama mimi. Namjua kwa sikio lake lililochanika. Akitaka huvuka mto Lubiriha wa mpakani, na hakuna aliyewahi kumuuliza anakwenda kwa nani wala atakaa siku ngapi. Mimi kila mwezi napanga foleni kuomba kibali cha kukaa. Safari hii karani ameniambia hiki ndicho cha mwisho, kikiisha nifungashe virago. Nirudi wapi, Bwana? Kwetu hata mlango wa kubisha haukubaki.

4. Tembo akichoka hulala katikati ya barabara, na basi zima linamngoja kwa adabu. Mimi nikisimama kurudisha mnyororo wa baiskeli naambiwa nazuia njia.

5. Wazungu wanavuka bahari kuja kumtazama akila. Mimi pia nakula vizuri, nikipata.

Kwa sababu hizo naomba mimi, Emérance, mama mkwe wangu Kahambu na watoto wanne tuandikwe katika orodha ya wanyama wakubwa wanaolindwa. Masharti tunayatimiza: tunapenda chumvi, tunavuka mpaka, tunatembea kwa kundi, na kundi linaongozwa na bibi mzee asiyepingwa. Mkonga hatuna, lakini sidhani kama muungwana kama wewe atamkataa mtu kwa sababu ya pua. Majani tutajaribu.

Nisalimie makarani wote, madereva, viboko, nyati, na mama watoto nyumbani.

Ni mimi mnyama wako mtiifu,
Jean-Bosco

Nyongeza: Kabla sijafunga bahasha, Bwana Eridadi amepita akitusomea tangazo jipya. Anasema tembo wamezidi upande huu, na kuanzia Jumatatu baadhi yao watapunguzwa kwa bunduki. Bwana, tafadhali futa jina langu upesi. Mimi ni mtu, watoto wangu ni watu, na Padri Philippe anacho cheti changu cha ubatizo. Mama mkwe naye amekubali kuwa mtu. Yule wa sikio lililochanika yuko migombani kwetu. Emérance amemmwagia gunia zima la chumvi ili asitoke nje akaonekana. Askari wakija tutasema ni shemeji yangu kutoka Butembo. Shida ni moja tu, hana kibali.