Malalamiko Kuhusu Kikombe cha Mbwa Wangu Sajini

Mnarani, Kilifi
14 Agosti 1986

Kwa Bi. Nduku, Afisa wa Mifugo

Bibi Mheshimiwa,

Natumai barua hii itakukuta u mzima wa afya, na kwamba wewe mwenyewe unakula unavyopenda.

Mimi ni Laban Nzai, karani mstaafu, mwenye yule mbwa mwekundu aliyeanguka mwezi wa Mei mbele ya foleni ya feri, hata lori la Mariakani likasimama na watu wakashuka wakidhani amegongwa. Hakuwa amegongwa. Alikuwa amechoka kwa kuvuka barabara. Ulikuja, ukampapasa mbavu, ukasema huzipati. Ukaamuru atiwe ndani ya gunia na kutundikwa kwenye mizani ya korosho dukani kwa Abdillahi, naye akaonekana ana kilo arobaini na moja. Hapo ukatamka mbele ya wateja wote, "Mzee, mbwa huyu haumwi. Mbwa huyu amelishwa." Ukaniachia kikombe cha bati: kimoja asubuhi, kimoja jioni, makombo marufuku, matembezi kila siku.

Nimetii kwa miezi mitatu. Sasa naomba kwa unyenyekevu uifute amri hiyo, kwa sababu zifuatazo.

1. Heshima ya nyumba. Zamani mgeni akimwona Sajini amelala mlangoni, tumbo limetandazwa kama mkeka, alijua kwamba hapa hapakosi kitu. Hata mwaka ule wa njaa ya themanini na nne, tulipokula mahindi ya manjano, mbwa wangu hakutia mtu aibu. Siku hizi ametokeza kiuno. Mchungaji amenivuta kando baada ya ibada akaniuliza, kwa sauti ya chini, kama nyumbani kuna shida ambayo kanisa lingeweza kusaidia.

2. Tangu apimiwe chakula, Sajini amekuwa mwombaji wa hadharani. Magari yakipanga foleni hushinda pale, ameinamisha kichwa kama yatima. Bi. Kibibi, auzaye viazi vya karai, ni Mwislamu safi na hataki pua ya mbwa ikaribie nguo yake, lakini humrushia kiazi kwa mbali. Nilimwendea kumsihi aache. Akanijibu, "Mzee Laban, mimi mbwa wako simtaki hapa. Ndiyo maana nampa, apate kwenda zake." Naye huenda, Bibi. Huenda hatua nne, akala, akarudi.

3. Jumamosi moja alipotea tangu asubuhi. Nilimtafuta mpaka kwenye magofu ya Mnarani, nikiita hadi sauti ikanikauka. Alasiri feri ilipofika kutoka ng'ambo, abiria wa kwanza kushuka alikuwa yeye, na harufu ya bucha za Kilifi imemtangulia. Mfanyakazi wa feri alinieleza kwamba hiyo ilikuwa safari yake ya tatu, na kwamba ni abiria mstaarabu kuliko wengi. Ikabidi nimfunge kamba. Alilia siku mbili. Sitaandika hapa ni nani mwingine aliyelia.

4. Mke wangu Mbeyu alikuwa nyuma yako siku ile ulipokuwa ukifundisha, akiitikia kwa kichwa kwa makini. Wiki iliyofuata, mbele ya dada yake Zipporah, alinipapasa mbavu na kutangaza kwamba hazipati. Tangu hapo sima yangu nami hupimwa, na mchuzi wa nazi nausikia kwa harufu tu. Nikiomba nyongeza naambiwa, "Kamwulize Bi. Nduku." Naomba ieleweke kiserikali kwamba mimi si mfugo, na wala siko chini ya idara yako.

5. Hili la tano sikutaka kuliandika. Tangu nistaafu na watoto wahamie Mombasa, chai ya saa nne nilikuwa nikinywa na Sajini. Nilikata mkate: kipande changu, kipande chake, kipande changu. Hatukuwa na mazungumzo mengi, lakini hapakuwa na haraka. Sasa nakula nimesimama nyuma ya mlango, kama mwizi, ili asinione. Ulipima chakula chake vizuri sana, Bibi. Hukuniambia mkono wangu nao niupeleke wapi.

Kwa hiyo nakusihi ufute amri. Ikiwa huwezi, basi njoo umweleze mbwa mwenyewe, ana kwa ana, kwa lugha yoyote uliyosomea. Na usipokuja, nitapeleka malalamiko haya kwa Bwana D.C., kisha Nairobi, na nikijaliwa umri, mbele zaidi ya Nairobi.

Nisalimie wenzako ofisini, mama yako mzazi, na ng'ombe wote unaowatibu, hasa wale walioruhusiwa kula.

Wako mtiifu, kwa shida,
Laban Nzai

Nyongeza: Bahasha ilikuwa imeshafungwa. Leo asubuhi nilitoka na Sajini kuipeleka posta, na njiani kenge akakatiza mbele yetu. Bibi, mbwa alimkimbiza! Masikio nyuma, mkia juu, akapanda mlima wote bila kusimama hata mara moja. Nilimfuata nikipiga kelele. Nusu ya njia magoti yalikataa, nikaketi kwenye jiwe. Akarudi bila kenge, akasimama mbele yangu akingoja nimalize kuhema, kisha akanilamba uso, jambo ambalo tumbo lake halikumruhusu kulifanya tangu alipokuwa mtoto. Basi usifute chochote. Ila fika Alhamisi kama una nafasi, kwani katika yale matembezi, anayecheleweshwa sasa ni yeye, na anayemchelewesha ni mimi.