Mikoko ya Muzdalifa Imejaa Magugu

Alhamisi, 15 Agosti 2024. Nyamisati, kwa wifi Sijaona.

Muzdalifa kanipa daftari hili. Kasema andika, mama, mawazo yatapungua. Nimeandika. Mawazo yako palepale.

Mwanangu anasomea mambo ya bahari na viumbe wake. Nilipotangaza habari hiyo kwetu Ndundu nilidhani ni maji masafi na mchanga mweupe. Kumbe tope! Anashinda mikokoni, tope magotini, anapima vimche kwa rula. Zamani watu walikata mikoko wakalima mpunga, mpunga ukawashinda, wakahama. Sasa yeye anataka kujua kama mikoko inarudi yenyewe. Nikamuuliza, kama inarudi yenyewe, wewe unakaa pale kufanya nini? Akaguna.

Mamba wa Ndundu nawajua. Wa huku siwajui hata ukoo wao. Ndiyo maana nimemfuata. Nimemwambia nimekuja kumsalimia shangazi yake. Wifi Sijaona akadakia kwamba miaka yote sikumkumbuka, nimekumbushwa na mamba. Ana mdomo yule!

Ijumaa, 16 Agosti

Jumatatu anakuja profesa wake kutoka Dar kukagua miraba. Miraba ni vipande vya tope vilivyozungushiwa kamba, na ndani ndimo vimche vinamopimwa. Profesa akiridhika, Muzdalifa anafunga kazi, anatoka topeni, anavaa joho mwaka huu. Asiporidhika ni mpaka mwakani.

Mwakani! Na mamba wale! Na wanawake wa Ndundu nimeshawaambia wajiandae na sherehe. Jirani yangu Tatu kashashona hadi sare.

Leo nimekwenda naye kuiona hiyo miraba. Ya Rabi, aibu! Majani kila mahali. Huku vimche vimesongamana kama watu kwenye mgao wa chakula, kule patupu. Kingine kimelala chali. Mkulima gani anamwonyesha mgeni shamba la namna hiyo? Nikamwambia. Akacheka, akasema mama, usiguse chochote, hata jani.

Nikaitikia. Lakini mtoto anayesema usiguse anaona haya kumchosha mama yake. Nimemzaa mimi, namjua.

Jumapili, 18 Agosti

Muzdalifa kaenda Kibiti kumpokea profesa. Watakuja pamoja kesho. Nikaona Mungu kanifungulia mlango.

Nikamwambia wifi nakwenda kunyoosha miguu. Akatazama jembe langu dogo, akauliza kama siku hizi miguu hunyooshwa kwa jembe. Akanionya kwamba huu ni wakati wa bamvua, maji yanatoka mbali na yakirudi hayabishi hodi. Nikasema mimi wa Rufiji, maji nayajua. Akasema ya mto unayajua, haya ya bahari hamjaonana.

Nikafika. Nikapalilia. Majani yote nje! Vimche vinyonge nikang'oa, vilivyosongamana nikapunguza, nikavipandikiza penye mapengo. Kwa mistari, nimenyoosha na kamba, kama mpunga wa mwanamke anayejiheshimu. Nikasimama kutazama. Machozi yalinitoka. Nikasema hapa profesa atamwuliza mwanangu amelelewa na nani.

Nikasikia maji vifundoni. Nikageuka, njia hakuna! Kandambili moja ikabaki topeni. Nikapanda mkoko, mimi na umri wangu na jembe langu, nikawa naita mitume wote. Kila gogo lililopita niliona lina meno.

Akatokea Mzee Mwinyimvua na mtumbwi wake, anatoka kutega kaa. Akauliza kutoka kule chini kama natazama bahari au bahari ndiyo inanitazama mimi. Nikamwambia apunguze maneno, alete mtumbwi.

Wifi kacheka mpaka kakaa chini. Simjali. Kesho yangu.

Jumatatu, 19 Agosti

Sijui nianzie wapi.

Profesa mtu mpole, mwembamba, kofia kubwa. Nikawafuata nyuma kwa mbali, nimevaa viatu vya wifi. Wakafika kwenye miraba. Profesa akazunguka. Akazunguka tena. Akamwuliza Muzdalifa, kwa upole, kama amewahi kusoma popote kwamba bahari inapanda kwa mistari.

Kisha profesa akainama, akavuta kitu topeni. Kandambili yangu. Akauliza kama na huu mche umejiotea wenyewe.

Muzdalifa hakumtazama profesa. Alinitazama mimi. Miguuni.

Nikaona mwanangu anaangamia. Nikajitosa. Nikasema baba, mtoto hana kosa, shamba nimelipalilia mimi, na kama kuna alama za usafi apewe zake. Profesa akavua kofia, akajifuta uso. Akanieleza taratibu, kama anayezungumza na mgonjwa, kwamba yale majani yalikuwa yanapimwa. Msongamano ulikuwa unapimwa. Hata mapengo! Nani kapata kusikia mtu anapima pengo?

Kazi imeharibika yote. Aanze miraba mipya. Mpaka mwakani.

Muzdalifa hakunigombeza. Angenigombeza ningepona. Alinawa miguu, akalala, akageukia ukutani. Nimempikia wali wa nazi na kamba wabichi. Hakugusa.

Jumatano, 21 Agosti

Baba Muzdalifa kapiga simu, ananitaka nirudi Ndundu kabla sijaipandikiza na bahari yenyewe. Wifi ndiye kampelekea maneno. Nikamjibu sirudi, mtoto hawezi kuachwa na mamba mwaka mzima. Na Tatu avae sare yake shambani.

Muzdalifa leo amekula. Kisha akanikalisha mbele ya shangazi yake, akaniapisha. Sitapalilia. Sitang'oa. Sitapunguza wala kupandikiza. Nikaapa yote. Akanikumbatia, akaniambia nanuka tope. Nikalia, yeye akacheka. Alhamdulillahi, mwanangu kacheka.

Amefunga kamba miraba mipya. Nimekwenda naye, mikono nimeifunga nyuma kwa ukanda wa kanga ili asiwe na wasiwasi. Nikatazama tu. Na nikaona! Kaa, vikaa vyekundu vidogo, wanatoka mashimoni na kutafuna vimche vya mwanangu mchana kweupe. Yeye anawatazama, anaandika. Hafukuzi! Wakivimaliza, mwakani profesa atapima nini?

Sasa, kwetu mdudu shambani dawa yake ni majivu. Nimerudia kiapo chote moyoni, neno kwa neno. Majivu hayakutajwa. Na jikoni kwa wifi kuna debe zima.

Kesho Muzdalifa anakwenda gulioni na shangazi yake. Maji yatakuwa yametoka.

Safari hii kandambili naziacha nyumbani.