Idara Isiyotambua Maneno ya Mdomo

Umma unajulishwa, kwa furaha kubwa, kwamba Idara yetu haitambui tena maneno ya mdomo. Kila ombi na kila amri sharti irekodiwe kwenye kaseti ndogo, zile za ukubwa wa kiberiti, kisha Mhazili peke yake aisikilize na kuichapa. Kisichochapwa hakijasemwa. Mkuu wa Idara alibuni utaratibu huu mwenyewe na kujipongeza mwenyewe. Mimi, naibu wake, nilipiga makofi mpaka viganja vikawaka moto.

Juzi Mhazili aliingia mbio, macho mekundu.

"Mkuu, mama yangu anapasuliwa leo. Naomba ruhusa niende hospitali, nina hofu sana."

"Pole, mama. Kaseti iko wapi?"

"Zimeisha. Zilizobaki ziko stoo, na ufunguo unao wewe."

"Basi nitakuletea. Kwani mimi mtu mbaya?"

Hata kidogo. Alimaliza chai yake, akaongeza kikombe, ndipo akaenda stoo, kinasa sauti kikining'inia shingoni kama kawaida yake. Mlango ukajifunga nyuma yake, na kitasa cha ndani kikagoma.

"Nifungulieni, jamani! Huku hakuna hewa!"

Fundi wa Idara akaja, akachomoa bisibisi. Nikamdaka mkono.

"Ebo! Amri hiyo umeipata wapi?"

"Si anapiga kelele mwenyewe?"

"Kwa mdomo, huyo."

"Haya bwana. Hata mimi nilisema kitasa kibovu, mkaniambia nilete kaseti."

Mkuu akatutukana, matusi mazito ambayo kiofisi hayakutokea. Halafu akili ikamrudia. Tukasikia anarekodi, na kaseti ikapenya chini ya mlango. Mhazili akavaa visikilizio, akachapa mistari miwili, akazima mashine na kubeba mkoba wake.

"Vipi tena?" nikauliza.

"Jambo la kwanza, nimepewa likizo ya mwezi mzima, kuanzia sasa hivi. Nadhani alitaka kunibembeleza."

"Na la pili?"

"Sijafika huko, na sasa niko likizo."

Akashuka ngazi anakimbia. Nilimfurahia, nakiri.

"Naibu, ndugu yangu," Mkuu akaita kwa unyonge, "hata wewe si unajua kuchapa?"

"Najua sana, Mkuu. Ila utaratibu ni wako."

Nikaenda kukalia kiti chake, maana Idara haiwezi kukaa bila Mkuu.