Mueni na Chujio Lisilo na Kelele

Jamani, leo samaki ameniaibisha. Samaki!

Nina tangi la kioo hapa Noonkopir, lenye mimea ya majini na samaki mmoja anayeitwa Mueni. (Kwa Kikamba ni jina la msichana, na pia ni mgeni. Nilimpa kwa sababu wageni wengine siwapati.) Chujio langu la zamani la kusafisha maji ya tangi lilikuwa na nguvu za kumwagilia shamba la vitunguu kule Kimana. Liling'oa mimea, na Mueni akajificha nyuma ya jiwe wiki nzima. Na lilinguruma!

Asubuhi muuzaji wa vifaa vya samaki akanicheka. "Boss, tank ya mimea haitaki maji ya kukimbia. Chukua hii ndogo ya sponji. Hata hutaisikia."

Kweli, sikulisikia. Saa sita nikaliwasha, mimea ikatulia, Mueni akachungulia. Nilifurahi kupita kiasi. Nikambembeleza kama kawaida yangu (ndiyo, huwa naongea naye, nyinyi mna watu): "Toka, Mueni. Hakuna wa kukusumbua tena. Hii nyumba ni yako, mpenzi."

Nilisahau kitu kimoja. Miaka yote ule mngurumo ndio uliokuwa ukinisitiri. Ukuta wetu ni mwembamba, na upande wa pili anaishi Mama Mwende.

Saa kumi, vigelegele mlangoni. Mama Mwende na wenzake watatu wa kanisani, na leso mpya, na sukari kilo mbili.

"Mutua, tumekuja kusalimia bibi!"

"Bibi gani?"

"Wacha kutuficha. Nimekusikia na masikio yangu. Mueni ako wapi?"

(Ningesema ameenda sokoni. Kwa nini sikusema ameenda sokoni?) Nikaonyesha tangi.

Wote wanne wakainama kuchungulia. Mueni akaja mbele ya kioo, akawatazama, akaachia kinyesi kirefu.

"Ni huyu?" akauliza Mama Mwende.

"Ni huyu."

"Na... amekula?"

Walicheka mpaka mmoja akakaa sakafuni. Halafu wakataka chai. Nina kikombe kimoja, kwa hiyo Mama Mwende akaleta vyake. Walikaa saa nzima. Sikumbuki mara ya mwisho nyumba yangu kuwa na kelele za watu. Wakaondoka na leso yao. Sukari wameacha.

Nimekuja hapa saiba, kwenye kompyuta za kulipia, kuwaandikia kwa sababu kule nyumbani kumekuwa kimya mno. Tafadhali msinicheke. Ama kama ni lazima, njooni mnichekee kwangu. Sukari iko, ila kila mtu aje na kikombe chake.