Ombi la Mama Mkwe Kuvutwa Nyuma ya Nyumba Yangu

Akalla, Stockholm

Kwa Mwenyekiti, Umoja wa Wazungumzao Kiswahili

Mheshimiwa Mama Vénantie,

Natumai wewe na kwaya yako ya Hjulsta hamjambo. Mimi nina jambo. Nakuandikia kwa sababu Kiswidi changu hunitoroka nikikasirika, nawe umezoea kutusemea maofisini. Nimeonewa na ofisi ya ukaguzi wa magari.

Kama ujuavyo, mama yake mke wangu Achola amekuja kututembelea kutoka Homa Bay. Anatamani kuliona lile jua lisilotua huko kaskazini, nami nimeapa kwamba ataliona. Lakini kwetu Wajaluo mama mkwe halali kwenye nyumba ya mkwewe, ndiyo maana analala mtaa wa Bredäng kwa Eve, rafiki wa Achola. Mwacha mila ni mtumwa. Basi nimenunua gari-nyumba, na nyuma yake nitakivuta kile kigari chetu, magurudumu yote manne yakiwa chini. Mama atakaa humo. Malalamiko yangu ni haya:

1. Bwana Filip, mkaguzi, anasema gari-nyumba ni gari. Lina kitanda, jiko na choo. Nilimwuliza kama kwake kuna zaidi ya hivyo, akaandika "gari" kwenye fomu.

2. Vifaa vyote vipo. Bamba la chuma limekazwa kwa bolti chini ya bampa ya kigari. Mkono wa kuvutia una miguu miwili ili kisiyumbe. Iko minyororo ya akiba, mkono ukikatika, na waya wa taa, ili nikiwasha indiketa, Mama naye aonyeshe anakata kona upande gani. Usukani haukufungwa, gia imeachwa huru. Filip aliingia chini na tochi, akatoka akiisifu kazi. Kisha akaona mapazia na mto, akauliza ni vya nani. Mimi nimeokoka, siwezi kusema uongo.

3. Hapo akanikataza. Eti mtu hakai ndani ya gari linalovutwa, ni hatari. Hatari gani? Kipo kifaa kinachokanyaga breki chenyewe, kigari kikichomoka. Yaani vyote vikikatika, nyumba yangu itaendelea na safari, ya Mama itasimama, kila mtu kwake. Hata wazee wetu hawakuwahi kuipangia mila vizuri hivyo.

4. Kuna suala la kamera ya nyuma, na hili nakiri ni zito. Je, nimkodolee macho mama mkwe kwenye skrini kutoka Stockholm hadi Kiruna huko kaskazini? Kwa hiyo nilifunga ua wa michongoma ya plastiki juu ya mkono wa kuvutia, kama boma lolote lenye adabu. Filip ameamuru niung'oe, eti unaziba namba ya gari. Nadhani ana chuki na familia yangu.

Naomba umwandikie mkubwa wake kwamba kigari kitambuliwe kuwa makazi, kiwekewe sanduku la barua na jina la Mama mlangoni. Wakikataa, watueleze Wajaluo tutawasafirisha vipi wakwe zetu katika nchi hii. Nasema kweli, naona aibu. Mama huyu alinipa binti yake nikiwa sina hata baiskeli. Akirudi bila kuliona hilo jua, sitakuwa na uso wa kumpigia simu.

Msalimie sana mzee Ludovic, watoto, na wanakwaya wote, hata wale wa sauti ya nne wanaochelewa.

Mimi niliyeonewa, mwenye kukuheshimu,

Onyango

Tanbihi: Nilimpa Mama barua hii aisahihishe, maana alikuwa mwalimu. Kila hoja ameiwekea alama ya vema. Amesema vifaa ni bora na heshima ni lazima, ila anayepaswa kumpisha mwenzake ni mimi mkwewe. Maadamu mimi simo, gari-nyumba ni nyumba ya binti yake, naye atalala humo. Achola ataendesha. Mimi nitakaa kwenye kigari, na chupa ya chai wamekwishanijazia. Kwa hiyo, Mama Vénantie, usimwandikie mkubwa yeyote. Mpigie Filip. Mwambie aje Akalla sasa hivi na lile katazo lake, amsomee Mama kwa sauti.